Kabla ya Kwenda Roma

Ukitoka Karatina kwa barabara kuu iendayo Nanyuki, kabla hujafika Naro Moru utapita mji mdogo uitwao Chaka. Mashariki yake umesimama Mlima Kenya, na magharibi imelala safu ya Nyandarua. Wasafiri husimama hapo kununua viazi, kabichi na karoti, na wenye njaa hula nyama ya mbuzi iliyochomwa, kisha hushika njia yao. Ni mji wa watu wapitao. Mimi nafundisha karibu na hapo, nami kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipanga safari ndefu kuliko zao, yaani safari ya kwenda Roma, mji mkuu wa Italia, katika nchi za Bahari ya Kati.

Jumamosi moja nalikwenda sokoni Chaka na daftari langu kwapani. Ndani yake nimeandika mambo yote ya safari hiyo: majina ya majengo, nauli, siku za mapumziko ya shule, na maneno machache ya Kiitalia. Mama mmoja auzaye viazi, ambaye wanawe wawili wamepita mikononi mwangu darasani, akaniuliza ninaandika nini. Nikamwambia, "Napanga safari, mama. Nataka kwenda Roma." Hakusema neno mpaka alipokwisha kujaza debe. Ndipo akauliza, "Mwalimu, huko Roma una nani?"

Nikamjibu kwamba sina mtu. Akasema, "Basi waenda kufanya nini?" Nikasema naenda kuona. Akaongeza viazi viwili juu ya debe, kama ilivyo desturi ya muuzaji mwema, akasema, "Haya. Ukiona, utatuambia."

Hapakuwa na dharau katika maneno yake. Walakini swali lake la kwanza lilinifuata mpaka nyumbani, likaketi nami mezani, na insha hii ni jitihada yangu ya kulijibu. Nakuomba ulipime pamoja nami, kwa maana yamkini siku moja nawe utaulizwa.

Kwa watu wetu, mwishoni mwa safari pana mtu. Twasafiri kwenda kuzika, kuposa, kumtazama mgonjwa, au kumwona mtoto aliye shuleni. Hata mfanyabiashara aendaye mbali ana mnunuzi amngojaye. Kutumia akiba ya miaka kwenda kutazama mawe ya watu ambao hawakuiti wala hawakujui ni jambo ambalo babu zetu wangaliliona la ajabu. Je, ni jambo la haki, au ni anasa iliyovikwa joho la elimu?

Tuanze na lawama iliyo kubwa, yaani lawama ya fedha. Mtu wa Kenya atakaye kuingia Italia hana budi kupata viza. Tangu mwaka 2024 ada yake kwa mtu mzima imekuwa yuro 90, nayo hairudishwi hata akikataliwa. Yampasa kuonyesha hesabu yake ya benki, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Hapo bado hajanunua tiketi ya ndege, wala hajalala hata usiku mmoja. Kwa mwalimu hayo si makombo ya meza. Ni mkate wenyewe. Na katika kijiji chetu, kama katika kijiji chako, pana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mzee asiyeweza kununua dawa. Mtu awezaje kupita katikati ya hao akiwa na tiketi ya Roma mfukoni?

Kuna majibu mawili yapatikanayo upesi, na yote mawili ni ya uongo. La kwanza lasema: fedha ni yangu, nimeitolea jasho, na hakuna wa kuniuliza. Jibu hilo halimfai mtu wa nchi hii. Wengi wetu tulisomeshwa kwa harambee. Mkononi mwa mwalimu imo shilingi ya mwanamke aliyeuza kuku wake ili kijana asiye wake apande basi kwenda chuoni. Mtu aliyeinuliwa na mikono mingi hawezi kusema kwamba amesimama peke yake.

Jibu la pili lasema: maadamu kuna mwenye shida duniani, ni haramu kutumia fedha kwa lisilo la lazima. Maneno hayo yana sura ya utakatifu, lakini yafuate uone yaendako. Hapana mtu angepanda maua mbele ya nyumba yake, wala kununua kitabu cha hadithi, wala kwaya isingeshonewa sare, mpaka siku ambayo njaa ya mwisho imekwisha. Na siku hiyo ikifika, watu watakuwa wamesahau kwa nini walitaka kuishi. Shida haiondolewi kwa kuwakataza wote furaha. Huondolewa kwa kila mmoja kulitimiza lililo juu yake.

Basi kipimo ni kipi? Naliuona mwanga kwa njia ya uchungu. Miaka miwili iliyopita akiba yangu ilikuwa imekaribia kutosha. Mwezi huohuo binti wa dada yangu akapata nafasi katika shule ya sekondari, nami zamani nalimwahidi mama yake kwamba siku hiyo ikifika nitasaidia. Fedha ilikuwa moja, ahadi zilikuwa mbili. Kwa siku tatu nalitafuta hila ya kuzitimiza zote. Nalijiambia kwamba labda baba yake atapata kazi, kwamba shule itavumilia muhula mmoja, kwamba nikichelewa sasa nitazeeka bila kwenda. Usiku wa tatu naliona tofauti ambayo ningaliiona siku ya kwanza kama nisingaliikimbia: ahadi niliyojipa mwenyewe naweza kujisamehe, bali ahadi niliyompa mtoto hakuna awezaye kunisamehe isipokuwa yeye, na yeye ni mdogo mno hata kujua kwamba ananidai. Nalilipa karo. Safari ikasogea mbele.

Sisemi hayo ili nisifiwe, kwa maana nalilipa kwa moyo mzito. Nasema kwa sababu hapo nalijifunza kwamba kutamani mbali si kosa. Kosa ni kusafiri kwa fedha ya ahadi ya mwingine. Aliyekwisha kulipa madeni yake, kisha akabana matumizi yake mwenyewe miaka mitano ili auone mji wa mbali, hajamwibia mtu. Ametumia chai yake na viatu vyake.

Sasa yaja lawama ya pili. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hesabu, aliniambia, "Kwa nini usitazame picha? Kila jiwe la Roma limekwisha kupigwa picha." Neno hilo lina uzito, nami sikulidharau. Nalitaka kujua picha na kitabu vyaweza kutufikisha wapi.

Huko Roma kuna jengo liitwalo Pantheon, lililojengwa upya zamani za Kaisari Hadrian, karibu na mwaka 126. Kuba lake limetengenezwa kwa zege lisilo na nondo, na upana wake ni mita 43 na zaidi. Naliwachukua wanafunzi uwanjani, tukapima mita 43 kwa kamba, tukachora duara, tukasimama katikati. Nikawaambia wawaze paa juu ya duara lote, na chini yake pasiwe na nguzo hata moja. Wakanyamaza. Nikawaambia tena kwamba kileleni pana tundu wazi, na mvua ikinyesha huingia. Mmoja akauliza, "Mwalimu, ni nyumba gani hiyo ivujayo kwa makusudi?" Tukacheka, lakini kwa saa moja tuliliona jengo hilo kuliko watu wengi walioingia ndani yake na kutoka wakitafuta kivuli.

Basi rafiki yangu alisema kweli nusu. Mtu aweza kuona mengi bila kwenda, na mwenye kwenda bila kujiandaa haoni kitu. Lakini kuna jambo moja ambalo kitabu hakiwezi. Kitabu hutazamwa, chenyewe hakikutazami. Mgeni asimamaye barabarani katika mji wa watu huonekana, huulizwa atokako, na hana budi kujibu. Wakikuyu husema kwamba mtoto asiyetembea hudhani mama yake tu ndiye ajuaye kupika. Nami naongeza kwamba mtoto huyo hajawahi pia kuulizwa mama yake hupika nini. Msafiri hujifunza ya watu, na papo hapo hudaiwa ya kwao. Nikajiuliza: Mroma akiniuliza, "Kwenu kuna nini?" nitamwambia nini?

Hapo nikaona aibu. Karibu na Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kuna kanisa la ukumbusho la Waitalia, lililojengwa mwaka 1952. Nimepita njia ile tangu utoto wangu, wala sikuwa nimeingia. Nalikuwa nimepanga kuvuka bahari kwenda kutazama kuta za Waitalia, hali kuta zao zilikuwa hapa kwetu, mwendo wa nauli ya matatu. Jumapili moja nikaenda.

Kuta za ndani zimejaa mabamba yenye majina. Nyuma ya mabamba hayo imelala mifupa ya askari zaidi ya mia sita wa Italia, waliotekwa na Waingereza katika vita vya mwaka 1940 na 1941, wakafa wakiwa wafungwa katika nchi hii. Pamoja nao amelazwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa dola ya Italia katika Afrika ya Mashariki, akajisalimisha Amba Alagi mwaka 1941, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942.

Nalisimama pale nikiwa na mawazo yanayopigana. Hawa si wageni walioalikwa. Jeshi lao liliivamia Ethiopia mwaka 1935, likatumia hata gesi ya sumu juu ya watu wasio na kinga. Na mwaka uleule wa 1952 ambao kanisa hili lilijengwa, Hali ya Hatari ilitangazwa katika Kenya, na misitu ya milima hii miwili ikajaa vijana wetu. Dedan Kimathi, mtoto wa Nyeri, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na hata leo kaburi lake halijulikani. Basi katika wilaya yake mwenyewe, askari wa nchi ya mbali ana bamba lenye jina, na yeye hana. Sikuweza kuwachukia wafu wale kwa sababu hiyo, maana si wao waliomnyima Kimathi kaburi. Lakini nalitambua maana ya kuandika jina la mtu juu ya jiwe: ni kumpa mwenzake njia ya kumfikia. Asiye na jina juu ya jiwe, atamwendeaje yule amtafutaye?

Tangu siku hiyo nikaanza kulifuata swali la yule mama kama mtu afuataye nyayo. Nalikumbuka habari ya Irene Stefani, mtawa wa Konsolata, aliyezaliwa Italia mwaka 1891 na kufika Kenya mwaka 1915. Katika Vita Kuu ya kwanza aliwauguza wapagazi wa Kiafrika huko Voi, Kilwa na Dar es Salaam, watu ambao wengi wao walikufa bila kaburi lenye jina. Baadaye alikaa Gikondi, hapa Nyeri, akafa mwaka 1930 kwa ugonjwa alioupata akimhudumia mgonjwa. Watu wa Gikondi walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma, na mwaka 2015 alitangazwa mwenye heri papa hapa Nyeri. Huyo naye alitoka kwao kwenda mahali asipokuwa na mtu. Alipokufa alikuwa na watu tele.

Nikakumbuka pia habari ya Felice Benuzzi. Alikuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Nanyuki, na kutoka uani mwa kambi aliuona Mlima Kenya. Mlima huu ambao sisi twaupa kisogo tukipanga bei ya viazi, yeye aliutamani kama mimi niutamanivyo mji mkuu wa nchi yake. Kwa miezi yeye na wenzake walijiwekea akiba ya chakula, wakatengeneza kwa vipande vya chuma zana za kukanyagia barafu. Hawakuwa na ramani, ila picha ya mlima iliyochapwa juu ya karatasi ya mkebe wa nyama. Mwezi wa Januari 1943 alitoroka pamoja na Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Kilele cha Batian kiliwashinda. Lakini wawili kati yao walifika Lenana, wakasimika bendera, kisha wote wakarudi kambini kwa miguu yao baada ya siku 18, wakafungwa ndani ya kifungo chao. Walihukumiwa siku 28, wakatumikia saba.

Mtu aliye huru aweza kuuliza walipata faida gani. Nami nasema kwamba faida yao ilianza siku ile ya kwanza walipoanza kupanga. Mfungwa hana kesho. Siku zake zote ni za mlinzi wake. Anayepanga safari ameinyakua kesho yake mwenyewe. Safari yangu iliposogezwa kwa ajili ya karo nalidhani nimepotewa. Kumbe nilikuwa bado nina daftari, na daftari hilo lilikuwa linanifanya nisome, nipime duara uwanjani, na niingie kanisa nililolipita maisha yangu yote.

Jambo la mwisho ni hili. Mwaka 1937 Waitalia waliichukua kutoka Aksum, Ethiopia, nguzo ya kale ya jiwe, yenye urefu wa mita 24 hivi na uzito wa tani 160 hivi, wakaisimamisha Roma. Katika mkataba wa amani wa mwaka 1947 waliahidi kurudisha mali waliyoiteka. Miaka ikapita. Tarehe 10 Septemba 1960 Mwethiopia mmoja, Abebe Bikila, alikimbia mbio za marathoni za Olimpiki katika mji huohuo, miguu mitupu, akipita karibu na nguzo ile, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Nguzo yenyewe ilirudi Aksum mwaka 2005 na kusimamishwa tena mwaka 2008. Ahadi iliyotakiwa kutimizwa kwa miezi ilichukua zaidi ya nusu karne. Nalipoyasoma hayo nalikumbuka zile siku zangu tatu za kutafuta hila, nikaona kwamba mataifa makubwa nayo huzijua hila hizo.

Sasa, msomaji, twaweza kurudi sokoni. Nalimwendea yule mama nikamwambia, "Nimepata jibu. Huko Roma sina ndugu, lakini hapa Nyeri wamo watu wao zaidi ya mia sita, wamelala Mathari, na makaburi yao yametunzwa." Nikamweleza habari za wafungwa, na za mtawa wa Gikondi, ambaye alimjua kuliko mimi, maana bibi yake alikuwa akimtaja. Akasikiliza huku akipanga viazi. Akauliza, "Na wale walio huko, wanajua kwamba watu wao wako hapa?" Nikamjibu kwamba yamkini wachache wanajua, na wengi hawajui. Akasema, "Basi hilo ndilo la kwenda kuwaambia. Uwaambie tena kwamba sisi nasi tuna wetu tunaowatafuta."

Nadhani alinifundisha katika maneno hayo mafupi kuliko nilivyofundishwa na vitabu vyangu. Kwa desturi yetu, mtu aendaye mbali hupewa salamu za kupeleka, na mwenye kubeba salamu si mzururaji. Haendi kula mji wa watu kwa macho tu. Anaenda kama mjumbe, na arudipo anadaiwa majibu. Safari ya kuona si haramu, lakini haijatimia mpaka msafiri awe na la kusema kwa wale awaendeao na la kuwaambia wale aliowaacha.

Sijaenda bado. Binti wa dada yangu amebakiza mwaka mmoja shuleni, na akiba yangu imeanza kukua tena polepole. Daftari langu sasa lina kurasa mbili zilizokuwa hazimo zamani. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika mambo ambayo nitaulizwa juu ya kwetu, na katika wa pili majina machache niliyoyanakili Mathari kutoka ukutani. Nikifika Roma nitalitazama kuba la Pantheon, nami natumaini nitafika siku ya mvua. Kisha nitamtafuta mtu wa kumwambia habari.

Nawe, ukiwa na mji wako wa mbali unaoutamani, usiuonee haya. Lipa kwanza ahadi za wengine. Soma mpaka jiwe lianze kusema kabla hujaligusa. Ingia katika nyumba za kwenu ulizozipita bila kuzitazama. Na mtu akikuuliza, "Huko una nani?" usikasirike wala usikimbie. Mwombe muda, ukamtafute huyo mtu. Pengine utamkuta karibu na nyumbani.